Kituo cha Mkono kwa Mkono: siku ya kwanza kiko imara, wiki ya pili kinalegea

Vituo vya Mkono kwa Mkono viko ndani ya hospitali za serikali Tanzania, kama ile ya Amana pale Ilala. Aliyebakwa anakutana na daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha sehemu moja. Anasimulia mara moja, hazungushwi dirisha kwa dirisha. Kwa hilo peke yake tunakipa kituo alama za juu, maana kinachowavunja wengi moyo ni kurudia maneno yaleyale mbele ya sura ngeni.

Kinachopiganiwa hapa ni saa. Dawa za kuzuia VVU, yaani PEP, zianze ndani ya saa 72, na zikianza ndani ya saa chache ni bora zaidi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120, nacho kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa hiyo mhudumu anayesema "kalete PF3 kwanza", yaani ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, anakosea: matibabu hutangulia, fomu hufuata. Ukikwama hapo, omba kuonana na mganga wa zamu. Na PF3 haiuzwi.

Kama unaweza, nenda kabla ya kuoga, kufua au kubadili nguo. Ukishabadili, beba zile za awali kwenye mfuko wa karatasi, ile ya kaki inatosha. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu. Nguo huota ukungu na vinasaba vinaharibika kabla ya kufika maabara. Nguo ikiwa mbichi, ianikwe kivulini ikauke ndipo ifungwe, kila moja na mfuko wake. Kama umeshaoga nenda vilevile: dawa hazijali umeoga au la, na majeraha bado yanaonekana. Hata yasipoonekana, mwili usio na jeraha hauthibitishi kuwa hakuna kilichotokea. Wengi huganda kwa hofu, hawapigi kelele wala kupambana.

Chumbani, kila kipimo kianze kwa ridhaa yako. Una haki ya kusema "simama kwanza", kuomba muuguzi wa kike awepo, au kukubali dawa na kukataa uchunguzi. Mhudumu mzuri hueleza anachotaka kugusa kabla hajakigusa. Kabla ya kutoka hakikisha umepimwa VVU na mimba, umepewa kinga ya magonjwa ya zinaa, na umeulizwa kuhusu chanjo ya homa ya ini B.

Udhaifu unaanzia hapo. PEP ni siku 28 bila kuruka, na wengi wanaiacha wiki ya pili: kichefuchefu kimezidi, au kopo la dawa limeonwa nyumbani na maswali yameanza. Kituo kisichopiga simu kuulizia hakijui kuwa mgonjwa wake amepotea. Meza baada ya chakula, saa ileile kila siku. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, uliza kama urudie dozi. Kupunguza nguvu ya dawa kwa kumeza nusu ni hatari kuliko kichefuchefu chenyewe. Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3.

Ushauri nasaha nao mara nyingi huishia kikao kimoja cha siku ya kwanza, siku ambayo mtu hasikii hata nusu ya anayoambiwa. Kukosa usingizi, kushtuka na kukwepa watu wiki za mwanzo ni kawaida. Vikipita mwezi bila kupungua, hapo ndipo mshauri anahitajika hasa, na hapo ndipo kituo kinakuwa kimya. Usiondoke bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.

Kwa mwenye nia ya mahakamani: Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya aliyefanyiwa pekee, ikiridhika kuwa anasema kweli. PF3 inasaidia, lakini mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe kuhojiwa, na madaktari huhamishwa. Andika jina la daktari huyo na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, siku ileile, uviweke mbali na kopo la dawa, kwa ndugu unayemwamini.