Mdoli Wako wa Kwanza wa Manyoya: Uanze na Upi?

Chukua midoli miwili ya aina moja, iliyotoka kiwanda kimoja, uiweke mezani ikutazame. Mmoja jicho la kushoto limepanda juu kidogo. Wa pili mdomo umedariziwa chini zaidi na mashavu yamejazwa sana, hata unaonekana kama unazuia kilio. Jina lao ni moja, lebo ni moja, ila nyuso mbili. Sehemu kubwa ya kazi ya kushona na kujaza midoli hii bado inapita mikononi mwa watu, na tofauti ya milimita mbili kwenye jicho inatosha kubadilisha sura nzima.

Hicho ndicho kipimo nilichotumia kupanga orodha hii. Anayeanza anunue mdoli ambao uso wake ameuona kabla ya kulipa. Ukiagiza mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya ule ule atakaokutumia, wala si picha ya tangazo. Wauzaji wazuri wamezoea ombi hilo.

Nafasi ya kwanza naipa familia ya Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa michezo ya video na katuni za Japani, inayouzwa kwa jina la Sitting Cuties, ambayo Japani inaitwa Pokémon fit. Ilianza Japani mwaka 2018 na wahusika 151 wa kizazi cha kwanza, kisha vizazi vingine vikafuata. Kila mdoli unaenea kiganjani, umekaa kitako, na chini una punje ndogo za plastiki zinazoupa uzito ili usianguke. Kwa mkusanyaji mpya, ubora wake mkubwa ni kwamba orodha inajulikana. Unaweza kujiwekea mpaka: wahusika wa maji tu, au wale watatu wa mwanzo na mageuzi yao, basi. Na kwa kuwa karibu wote wanalingana kimo, rafu moja inabeba wengi na bado inapendeza. Mkusanyiko wenye mpaka hukulinda na ule ununuzi wa hovyo unaokuja pale ambapo kila kitu ni kizuri na hakuna kinachokosekana.

Ya pili ni Jellycat, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1999. Kwa ulaini wa kitambaa sijashika unaoishinda. Sungura wao, Bashful Bunny, ana masikio marefu yanayoteleza vidoleni kama hariri, na kundi la Amuseables lina vyakula na mimea yenye macho madogo na tabasamu la uzi. Kwa nini basi haikushika nafasi ya kwanza? Aina ni nyingi mno, hazina mwisho, na nyingine husitishwa kutengenezwa, jambo linalomtia mgeni haraka ya kununua kabla hajajua anachopenda. Anza na saizi ndogo kabisa, mmoja tu, ukae naye mwezi.

Tatu, Ty, kampuni ya Marekani. Beanie Babies, wanyama wake wadogo waliojazwa punje, zilitoka mwaka 1993 zikiwa 9 tu, zikaleta wazimu mkubwa wa kukusanya katika miaka ya 1990. Watu walinunua kwa makasha wakiamini bei zitapanda daima, kisha soko likaporomoka, na nyingi leo hazina thamani kubwa ya fedha. Kwako wewe hiyo ni habari njema: unaweza kupata mtumba safi, wenye lebo yake nyekundu ya moyo, bila kuumia. Hakikisha lebo mbili zipo, ya moyo sikioni na ya kitambaa kwenye makalio. Beanie Boos, wale wenye macho makubwa yanayometa, walikuja mwaka 2009. Wanapendwa sana na watoto, ila macho ni ya plastiki, kwa hiyo kagua kama yamekaza.

Squishmallows, zilizoanza mwaka 2017, naziweka ya nne. Ni laini, za mviringo, na zina saizi kuanzia ile ya kuning'iniza kwenye begi, ya sentimita 9 hivi, hadi zinazomzidi mtoto mdogo kwa upana. Nunua zile ndogo. Kubwa tatu tu zitakumalizia kitanda.

Ya tano ni Labubu, na najua wengi mmekuja hapa kwa ajili yake. Mhusika huyu alibuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, na matoleo ya manyoya yenye uso wa plastiki huuzwa na Pop Mart, kampuni ya China. Namheshimu kama kazi ya sanaa; lile tabasamu la meno 9 halisahauliki. Tatizo ni boksi la kubahatisha: unalipa kwanza, unaona baadaye. Fanya hesabu. Toleo likiwa na rangi 6 zenye nafasi sawa, ukinunua boksi moja moja utahitaji kwa wastani karibu 15 ili kuzipata zote. Ile ya siri, isiyo miongoni mwa hizo 6, katika matoleo kadhaa hutoka mara 1 kwa boksi 72. Nimeshafungua boksi tatu nikakuta mbili zina rangi ile ile, ile niliyokuwa siitaki. Kama moyo umemwangukia Labubu, nunua kasha kamili la boksi 6, ambalo kwa kawaida halirudii rangi, au mtafute aliyekwisha kufunguliwa ukijua rangi yake.

Steiff, kampuni kongwe ya midoli ya Ujerumani yenye kitufe sikioni tangu mwaka 1904, iache kwanza. Itakufaa ukishajua kusoma mshono.

Kuhusu feki: niliwahi kuletewa mdoli ambao kwenye picha haukuwa na kasoro. Nilipoufungua ulinuka kama mafuta ya taa, na nilipobinya mgongo, uzi ukaachia na pamba ikachungulia. Tangu hapo nina utaratibu. Nanusa. Napitisha kidole kwenye mshono wa mgongoni, maana hapo ndipo mdoli hufungwa mwishoni na ndipo fundi mvivu huonekana. Nasoma lebo herufi kwa herufi, kwani feki nyingi hukosea tahajia. Kwa Labubu, hesabu meno.

Ukifika nyumbani, uweke mbali na dirisha. Jua huchuja rangi, na ya waridi na ya zambarau huwa za kwanza kupauka. Usiufungie kwenye mfuko wa plastiki usiopumua kama chumba kina unyevu, utaota ukungu. Kisanduku chenye kitambaa cha pamba kinatosha. Ukichafuka, tumia kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, ukipangusa kuelekea manyoya yanakolalia. Usiupitishe kwenye joto la mashine ya kukaushia, kwa sababu poliesta huungua nchani na manyoya yakawa magumu, na hayo hayarudi tena. Uache ukauke kivulini, halafu uchane taratibu kwa mswaki mpya wenye nywele laini, ukianzia masikioni.