Sindano ya goti au fizio? Bimkubwa kapitia zote mbili, haya ndo tuliyoyaona

Haya jamani, kwa wenye wazazi wanaolalamika magoti kila siku. Swali la kuchoma sindano au kwenda fizio, yaani tiba ya viungo, naliona linaulizwa sana na majibu mengi yanatoka kwa watu wanaouza kitu. Mi siuzi chochote, nimempeleka bimkubwa kote kote hapa Dar, tulianza na sindano, fizio ikafata baadae, kwaiyo naandika kama mteja.

Tatizo lake ni osteoathraitisi, ile mtaani tunaita magoti kusagika. Eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imebana hasa upande wa ndani, goti la kulia ndo bovu zaidi. Akiamka linakaza kidogo, ngazi kushuka ni kasheshe kuliko kupanda, choo cha kuchuchumaa kashasahau na swala anaswali kwenye kiti. Bimkubwa ana mwili kiasi na ana kisukari, hiyo ya kisukari muikumbuke ntairudia.

Tuanze na sindano. Watu wanasema tu "sindano ya goti" kumbe zipo aina tatu na hazifanani. Kuna ya steroidi, hii inatuliza uvimbe na ndo aliyochomwa yeye. Kuna ya ute, wengine wanaita jeli, hii wanakwambia inalainisha goti. Alafu kuna ya plasma, wanakutoa damu yako mwenyewe wanaizungusha kwenye mashine wanachukua sehemu yake wanairudisha kwenye goti. Sisi tulikoulizia bei zinapanda kwa mpangilio huo huo, ya plasma nilivyotajiwa nikaomba nipigiwe baadae.

Siku ya kuchomwa nilikuwa nimesimama pembeni naona kila kitu. Alilazwa kitandani goti limekunjwa kidogo na mto chini yake, wakampaka ile iodini mpaka pajani, dokta akaingiza sindano pembeni ya kifuniko cha goti, akaanza kwa kuvuta. Yakatoka maji ya njano kama mafuta ya kula yanajaza bomba, kumbe ndo uvimbe wenyewe ule. Bila kuchomoa sindano akatoa lile bomba akaweka lingine lenye dawa nyeupe kama maziwa iliyochanganywa na ganzi akasukuma taratibu. Muda tuliokaa foleni ni mrefu mara kumi ya kazi yenyewe. Bimkubwa alikunja uso kidogo tu basi, akaambiwa apumzishe mguu siku moja mbili na tukarudi nyumbani kwa bajaji.

Na ilifanya kazi, nisiwe mnafiki. Ndani ya wiki ile ile mama anashuka ngazi za nyumbani hajashika ukuta, usiku analala, mpaka kitchen party ya binamu akaenda na akacheza. Tukajua basi tumemaliza. Ila baada ya miezi miwili hivi maumivu yakaanza kurudi kidogo kidogo mpaka yakawa yale yale, na nilivyokuja kusoma nikaona hilo sio la bimkubwa peke yake. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Waingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema nafuu ya steroidi ni ya wiki 2 mpaka 10 tu. Yaani dawa ilifanya kilichotarajiwa, ni sisi hatukuambiwa.

Kingine ambacho hatukuambiwa, na hapa ndo nakata nyota: sukari. Steroidi ikiingia mwilini inapandisha sukari kwa siku kadhaa hata kama imechomwa kwenye goti tu. Bimkubwa kapima asubuhi iliyofata namba ikatutisha, tukadhani kipimo kimeharibika, tukabadili betri kabisa. Kituo sikitaji, ila faili lao lina kisukari kimeandikwa ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu na bado hakuna aliyefungua mdomo. Kama mzazi wako ana sukari mwambie dokta KABLA, na siku zinazofata mpimeni mara nyingi zaidi ya kawaida.

Je si unarudia tu kila ikiisha? Ndo wengi wanafanya, wenye hela wanachoma kila miezi mitatu. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2017, Wamarekani walichukua watu 140 wenye magoti haya, nusu wakachomwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka 2, nusu wakachomwa maji ya chumvi tu yasiyo na dawa, ili kulinganisha. Mwisho wa siku maumivu hayakutofautiana, ila waliochomwa steroidi gegedu lao, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, lilipungua zaidi, milimita 0.21 kwa 0.10. Ni kidogo ndio, lakini gegedu ndo hicho unachojaribu kukibakisha sasa unakilipia kipungue?

Ya plasma nayo wasiwachanganye na yale matangazo ya "kuotesha gegedu upya". Australia waliijaribu kwa watu 288, matokeo yakatoka 2021, baada ya mwaka mmoja haikuwa na tofauti ya maana na maji ya chumvi. Ya ute ndo kabisa, NICE wanasema wagonjwa wasipewe.

Sasa fizio. Hapa mniskilize vizuri maana fizio na fizio hazilingani.

Sehemu ya kwanza tuliyoenda ilikuwa ya binafsi, safi, kiyoyozi, chai unapewa. Bimkubwa analazwa, anafunikwa taulo la moto, anabandikwa vile vipedi vya umeme vinavyotekenya, mhudumu anaondoka na simu yake, muda ukiisha anarudi anabandua, lipa nenda. Mama alipapenda kweli kweli maana analala usingizi mzuri pale. Goti likabaki vile vile. Joto na umeme vinapoza kwa muda huo uliopo kitandani, ila msuli hauongezeki nguvu ukiwa umelala, na kazi kubwa ya fizio kwenye goti lililosagika ni msuli. Ule wa mbele ya paja ukilegea mzigo wote unaangukia kwenye maungio.

Tukahama, tukaenda hospitali ya serikali, foleni ndefu, mabenchi ya mbao, hakuna chai. Tukampata dada mmoja mdogo tu wa umri, shikamoo mama, alafu hakumlaza popote. Kamwambia tembea mpaka mlangoni urudi, akaangalia miguu, akaangalia viatu. Kisha akamuwekea kiti cha kawaida, mikono kifuani, inuka kaa inuka kaa, akawasha saa ya simu sekunde 30 anahesabu. Bimkubwa kaniangalia akasema "Mwanangu, nimepanda daladala mbili kuja kukalishwa na kusimamishwa?" Dada akacheka akamwambia ndio mama, na nyumbani utaendelea.

Mazoezi yenyewe ukiyaona unaweza kudharau. Taulo lililoviringishwa chini ya goti, unalikandamiza kwa nguvu unashikilia unaachia. Kuinuka kwenye kiti, kwanza kiti chenye mto juu, mto ukatolewa baadae. Kupanda kingazi kimoja cha jikoni na kushuka, taratibu, goti lisiingie ndani. Baadae akapewa mpira ule wa kuvuta wa rangi, ukizoea unapewa mgumu zaidi. Na kitu kimoja alichotueleza kilitusaidia sana kwa sababu bimkubwa alikuwa akisikia maumivu tu anaacha: ukiuma kidogo wakati wa zoezi sio kwamba unajiharibu, angalia kesho yake asubuhi, kama umerudi hali yako ya kawaida endelea, kama limevimba au limezidi basi punguza, usiache.

Wiki za mwanzo nilijuta. Hakuna nafuu ya haraka kama ya sindano, mama ananuna, mara leo mvua, mara leo nina wageni. Nikamuweka mjukuu wake awe anamhesabia kila jioni kabla ya taarifa ya habari, hapo ndo mambo yakaenda. Mabadiliko hayakuja kwa kishindo, siku moja tu tunagundua anainuka kwenye kochi hajashika kitu na hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Uzito nao umepungua kidogo, na wanasema kila kilo moja ikitoka, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua.

Na utafiti uliowapambanisha hawa wawili ana kwa ana upo, jarida la New England Journal of Medicine 2020, wagonjwa 156 kwenye hospitali za jeshi la Marekani, nusu sindano za steroidi nusu fizio. Walianza karibu sawa, alama za maumivu na ugumu 108.8 kwa 107.1 kati ya 240. Baada ya mwaka wa sindano wako 55.8, wa fizio 37.0, na hapo ndogo ndo nzuri. Ona kwamba wa sindano nao walipata nafuu, kwaiyo sio kwamba sindano ni utapeli.

Nyota zangu: sindano ya steroidi tatu kati ya tano, fizio ya mazoezi nne na nusu (nusu nimekata kwa foleni na kwa kununiwa), fizio ya kulala na vipedi mbili, zote za kiyoyozi. Kama goti limevimba na maumivu yanamzuia mgonjwa hata kuanza mazoezi, sindano moja inafaa, ila ile ahueni itumieni kuanza fizio hapo hapo, msikae mkisubiri iishe kama tulivyokaa sisi. Ukienda sehemu wakakulaza tu mara zote bila kukupa zoezi la nyumbani, hama. MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana kitengo cha fizio, na hospitali za rufaa za mikoa nyingi zinacho, sio lazima uende kwa bei kubwa. Bima uliza kwanza dirishani wanalipia mara ngapi.

Alafu kwa watakaochoma: goti likiwa jekundu, la moto, limevimba zaidi na homa juu siku zinazofata, usiku huo huo nendeni hospitali, msikande na maji ya moto mkisubiri kuche.