Android au iPhone: Ipi Ikufae?
Kwa bei, Android inashinda: mpya zipo hata za bei ya chini. iPhone nyingi za nafuu Kariakoo zimeshatumika, na hapo ndipo watu wanalizwa. Kabla ya kulipa, muuzaji aifute simu yote, kisha iwashwe mbele yako. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, iache.

Programu isipopatikana Tanzania, Android inakubali faili la APK (faili la kusakinisha programu) kutoka nje ya Play Store. Ila APK za makundi ya WhatsApp ni hatari kweli, zinaweza kuiba namba za siri. iPhone hapa inategemea App Store. Kubadili nchi ya akaunti ili uipate programu hiyo kunadai kwanza umalize salio na usitishe usajili wa kulipia.

Masasisho? iPhone huyapata kwa miaka mingi. Android nyingi za bei ya chini huachwa mapema.

Unayehitaji kadi ya kumbukumbu, chukua Android yenye nafasi ya kadi. Unayetaka simu ya miaka mitano, iPhone inakufaa.