Dakti za kuta mbili ukumbini kwetu, baada ya Machi moja

Nasimamia ukumbi wa mikutano na harusi Mikocheni, Dar es Salaam. Dakti zetu za kwanza, yaani mabomba ya kupitishia hewa ya AC, zilikuwa za bati moja lililozungushiwa faiba (sufi ya kioo ya kuzuia joto) na foili kwa nje, zote zimefichwa juu ya dari ya jipsamu. Machi ya mwaka juzi, katikati ya sendofu, tone la maji lilidondokea meza kuu, likafuata lingine, na kabla keki haijakatwa, jipsamu ilikuwa imevimba kama andazi. Tulihamisha meza mbele ya wageni 300. Mama wa binti hakuniambia neno, alinitazama tu. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tulipofungua dari tulikuta foili imechanika kila mahali mafundi umeme walipopitisha nyaya, na faiba imeloa ya kukamua. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kugeuka maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Hewa ya AC ndani ya dakti zetu ilikuwa nyuzi 14. Kwa Dar, tundu dogo la foili linatosha kukuharibia shughuli.

Tuling'oa zote tukaweka za kuta mbili. Ni bomba ndani ya bomba: bati la ndani, bati la nje, katikati faiba ya milimita 25. Fundi umeme hawezi kuichana tena, panya hana pa kuchimba. Bati la ndani tulichukua zima, isipokuwa vipande viwili vya karibu na mashine ambavyo vina vitobo vya kumeza kelele. Hilo ni jambo nililolipenda kuliko nilivyotarajia. Shehe au mchungaji akisoma dua sasa, safu ya nyuma wanasikia bila spika kupandishwa.

Lakini nawaambia wenzangu mnaotaka kununua: pesa yenu iko kwenye viungo. Fundi mkuu alinipandisha kwenye jukwaa lao la kazi anionyeshe. "Mama, bomba limetoka kiwandani halina shida. Shida tunaitengeneza sisi, hapa." Kila kiungo kinaungwa mara mbili. Kwanza bati la ndani, kwa kola (pete ya bati inayounganisha vipande viwili), gundi ya dakti pande zote na skrubu. Kisha ukanda wa faiba uzibe pengo, ndipo kola ya nje na gundi tena. Ukiziba la nje tu, hewa baridi inavujia kwenye faiba, na bati la nje linatoka jasho kama zamani. Siku ya nne nilikuta kiungo ambacho faiba haikukutana, pengo la upana wa kidole. Walikifungua bila kubishana. Kabla dari haijafungwa waliziba midomo yote, wakasukuma hewa kwa feni na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Vitatu vilitoa mapovu. Msikubali dari ifungwe kabla ya hapo.

Malalamiko ninayo. Bei ilikaribia mara mbili ya zile za zamani. Vining'inizo vya mwanzo havikuweza kubeba uzito, zege likatobolewa upya, na gharama hiyo haikuwemo kwenye makadirio niliyosaini. Niliudhika sana, maana kampuni ilikuja kupima mara mbili. Bomba limeongezeka sentimita 5 kwa upana, hivyo dari imeshuka kidogo upande wa jukwaa. Na palipokatwa kwa grainda kingo ziliachwa wazi. Huku kwenye chumvi ya bahari kutu haichelewi, ikabidi nisimame nao mpaka wapake rangi ya zinki.

Machi iliyopita tulikuwa na sendofu tena, ukumbi umejaa, AC zote zinawaka. Nilipanda kwenye mlango wa dari na tochi, nikapitisha kiganja juu ya bati la nje, kiungo kwa kiungo, mpaka mkono ulipoishia. Kilirudi na vumbi kavu.