Baa tulivu ya wiski na kokteli Westlands, Nairobi: uzoefu wangu

Nimeingia humo mara nne, siku za kazi na Ijumaa. Jina naliacha kwa sababu nina lawama mbili, na wahudumu wake wananionyesha kwamba wakiambiwa wanarekebisha. Iko ghorofani, viti kama thelathini, muziki wa chini kiasi kwamba jirani yako anasikika bila kuinua sauti.

Baa za namna hii watu huzipima kwa wingi wa chupa ukutani. Mimi naanza na barafu. Hapa wanagandisha yao wenyewe: maji yanawekwa kwenye boksi lenye kuta nene na kuachwa wazi juu kwa saa 24 hivi, ili baridi iingie upande mmoja tu. Hewa inasukumwa kwenda chini, na ile sehemu yenye ukungu inakatwa na kutupwa. Kinachobaki ni bonge angavu la sentimita 5 kila upande. Si urembo tu. Bonge moja kubwa lina eneo dogo la kugusana na kinywaji kuliko vipande vingi vya uzito uleule, kwa hiyo linayeyuka polepole na ladha inadumu mpaka tone la mwisho.

Lawama ya kwanza iko hapohapo. Ijumaa mabonge yaliisha kwenye saa nne usiku, wakahamia barafu ya mashine, ile yenye tundu katikati. Old Fashioned, kokteli ya wiski, ikawa maji matupu baada ya dakika kumi, na bei ni ileile. Ukienda Ijumaa, fika mapema, au baada ya saa hiyo agiza kinywaji kisichohitaji barafu kwenye glasi.

Old Fashioned yenyewe, barafu ikiwa sawa, ndiyo sababu ya kurudi. Mhudumu wa kaunta anapima mililita 60 za bourbon (wiski ya Marekani), kijiko kidogo kimoja cha shira na mitikiso 2 ya Angostura (matone yenye uchungu wa viungo), anakoroga na barafu kwenye glasi ya pembeni kwa sekunde 30 hadi 40, kisha anachuja. Lile bonge halimiminiwi kinywaji likitoka tu kwenye friza; analiacha mpaka utando mweupe utoweke na uso wake ung'ae kwa unyevu, maana likiwa na baridi kali linapasuka papo hapo. Mwisho linakuja ganda la chungwa. Analikwangua ile nyama nyeupe ya ndani kwa kisu, kwa sababu ndiyo inayoleta uchungu, halafu analikunja juu ya glasi. Tazama uso wa kinywaji kwenye mwanga: utaona vijiduara vya mafuta vikielea. Usipoviona, ganda lilikuwa la jana.

Kokteli yao iitwayo Penicillin pia naisifu. Sam Ross aliibuni New York mwaka 2005: wiski ya Scotland, limau, asali na tangawizi, na juu wiski kidogo yenye ladha ya moshi kutoka Islay, kisiwa cha Scotland. Kwa mtu aliyekulia kwenye limau na asali nyumbani akipatwa na mafua, na anayeijua "dawa" ya baa zetu, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali, haihitaji maelezo. Siri iko kwenye asali: wanailegeza kwanza kwa maji ya moto. Ikiingia nzito kwenye barafu inaganda, inanata chini ya kopo la kutikisia, na glasi inabaki chachu tupu.

Lawama ya pili ni vermuti. Hiyo ni divai iliyoongezewa pombe kali, na ikishafunguliwa inachacha kama divai yoyote, ila polepole. Mahali pake ni kwenye friji. Niliiona imepangwa rafuni chini ya taa, na Manhattan, kokteli ya wiski na vermuti, ilikuwa na ukali wa siki. Niliirudisha, wakabadilisha bila mabishano, lakini kutoka chupa ileile. Kabla ya kuagiza Manhattan au Negroni, ambayo nayo ina vermuti, uliza chupa ya vermuti inatoka wapi.

Wiski kavu, yaani isiyochanganywa na kitu, inaletwa kwenye glasi ya Glencairn, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, pamoja na maji ya kawaida na mrija mdogo wa kuyadondoshea. Jioni ya Nairobi inasaidia sana. Ubaridi wake unaituliza pombe. Wiski hiyohiyo Dar es Salaam, kwenye joto la nyuzi 28, mvuke wake unakupiga puani kabla hujanusa kitu kingine. Chagua kutoka nyepesi kwenda yenye moshi. Ukianza na Laphroaig au Lagavulin, zenye moshi mzito, Glenfiddich iliyo nyepesi itakayofuata itaonekana haina ladha. Zile kali kama Glenfarclas 105, ambayo ina pombe asilimia 60, zinataka maji: toti ya mililita 30 ukiiongezea mililita 15 inashuka mpaka asilimia 40. Ongeza kidogo kidogo, ukionja. Chupa iliyobaki robo usiichukue bila kuuliza ilifunguliwa lini, kwani hewa inafifisha ladha yake ya moshi.

Kuhusu pesa: chupa ya mililita 750 inatoa toti 25, ya mililita 700 inatoa 23. Zidisha bei ya toti, linganisha na bei ya dukani. Ikizidi mara tatu mimi naona ghali, na hapa baadhi ya wiski za Japani zimevuka. Uliza pia kama bei ya menyu imejumlisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, au zinaongezwa chini ya bili. Seti ya kuonja ina glasi nne za mililita 15, yaani toti mbili kamili. Ukishaimaliza, gari liache, ita teksi.

Viti bora ni vile vya mwisho wa kaunta, upande wa dirisha. Vya karibu na mlango wa chumba cha sigara viepuke: kila unapofunguliwa, moshi unaingia, na pua haipati tena kitu kwenye glasi.