Seti ya slaidi za mgawanyiko wa seli: mitosisi safi, meiosisi nusu

Seti hii ni ya kuonyesha mitosisi (seli kugawanyika kuwa mbili zinazofanana) na meiosisi (mgawanyiko wa uzazi, unaopunguza kromosomu kuwa nusu). Ndani yake mna slaidi tatu zilizokwisha kutiwa rangi (ncha ya mzizi wa kitunguu, kiinitete cha samaki, na chavulio la yungiyungi, yaani sehemu ya ua inayotengeneza chavua) na vifaa vya kujitengenezea nyingine.

Ya kitunguu ndiyo bora. Mkato umepita katikati ya ncha kwa urefu, na kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) zimeshika rangi vizuri. Anza na ukuzaji wa mara 100, utafute seli ndogo za mraba nyuma kidogo ya kofia ya mzizi, kisha panda hadi mara 400. Ukienda mbali na ncha utakuta seli ndefu. Hizo zimeacha kugawanyika, zinarefuka tu. Zinazogawanyika nyingi zitakuwa kwenye profezi (hatua ya kwanza, kromosomu zinapojikunja), maana huchukua muda mrefu kuliko metafezi (zinapojipanga katikati) na anafezi (zinapoachana). Lakini usihangaike kuhesabu kromosomu zote 16: mkato ni mwembamba, na nyingine zimebaki kwenye mkato wa jirani.

Kuhesabu kunataka slaidi ya kuponda, yaani ncha nzima iliyolainishwa na kubonyezwa hadi seli zitawanyike. Seti inakupa asidi hidrokloriki ya molari 1 na rangi ya orseini, ila maelekezo yanasema uloweke mzizi dakika 1 bila kuupasha. Haitoshi kabisa. Asidi inatakiwa kulegeza pektini inayogandisha seli. Ipashe hadi nyuzi 60 za Selsiasi, uloweke dakika 5, kisha suuza. Ukipunguza, seli hubaki zimerundikana. Ukizidisha, ncha husambaratika kwenye kibanio. Kata milimita 2 za mwisho, tia tone la rangi, subiri kidogo, funika, halafu bonyeza kwa kidole gumba juu ya karatasi ya kufyonza. Bonyeza wima: kigae cha kufunikia kikiteleza, seli hujiviringisha na slaidi imeharibika.

Ya samaki inafaa kuonyesha seli ya mnyama ikijibana katikati, tofauti na mmea unaojenga ukuta mpya.

Meiosisi ndiyo iliyopunjwa. Seli za chavulio moja la yungiyungi hugawanyika karibu kwa pamoja, kwa hiyo slaidi moja hukupa hatua moja tu, na hapa ni seli nne zilizokwisha kukamilika. Kromosomu zikibadilishana vipande huzioni, wala jozi 12 zikiachana. Anayefundisha uzazi anunue kando slaidi za profezi ya kwanza na anafezi ya kwanza.