Utrasaundi ya dakika nne na utrasaundi ya dakika arobaini

Mimi ni muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Gunia la dagaa silinunui kwa kutazama juu. Naingiza mkono hadi kiwiko, natoa wa chini, nanusa, natazama kama kuna mchanga. Mwenye gunia akianza kununa najua nimefika penyewe. Kwenye kupima mimba nimekuja kujifunza hivyohivyo, ila nilichelewa kwa mtoto mmoja.

Mimba ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nilipima kituo kimoja hapa mjini ambacho sitakitaja. Elfu ishirini. Meza yangu nilikuwa nimemwachia jirani, kwa hiyo saa nilikuwa naiangalia: dakika nne, na humo humo kuna kufuta jeli. "Hongera mama, dume hilo. Mapigo yapo." Cheti kilikuwa na mstari mmoja: wiki 31, mtoto yu hai, kichwa chini. Nikatoka nacheka.

Nikaenda kujifungulia nyumbani, upande wa Sengerema, kwenye zahanati. Mtoto akatoka na mgongo wazi, uvimbe laini juu ya makalio, ngozi nyembamba unaona maji ndani. Nesi akaufunika kwa shashi iliyoloweshwa maji ya dripu, akaandika rufaa, tukaanza safari ya hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, usiku. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukakaa kusubiri kivuko, mtoto nimemlaza kifudifudi mapajani kama nilivyoelekezwa, naogopa hata kukohoa. Alifanyiwa upasuaji. Yupo, ana mpira chini ya ngozi unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, na kunidai maandazi anajua vizuri sana. Miguu ndiyo inamsumbua.

Yule mpimaji simwonei. Mgongo hakuuleta yeye. Mfereji wa uti wa mgongo hujifunga ndani ya kama siku 28 tangu mimba itungwe, na siku hizo wengi wetu hata hatujashtuka kwamba hedhi imepita. Na mimi nilikwenda nimechelewa. Lakini mgongo haukutazamwa, na ungetazamwa ningelala Bugando mapema nijifungulie karibu na mpasuaji, maana mgongo wa hivyo unatakiwa ufungwe siku mbili tatu za mwanzo kabla vijidudu havijapita. Ninachomdai ni ule usiku wa kivukoni.

Sasa kituo cha pili, ambacho ndicho nimekuja kukisema. Kipo katikati ya mji, ghorofa ya pili. Jina siliweki, daktari mwenyewe aliniomba: "Mama, usinitangaze, foleni hii yenyewe imenishinda." Ngazi ni nyembamba na lifti hakuna, jambo la ajabu kwa mahali pa wajawazito. Bei elfu hamsini. Miadi yangu ilikuwa saa tatu, nikaingia saa sita kasoro. Dada wa mapokezi alikuwa anakula karanga. Mama mkwe wangu alimsalimia "mwangaluka", hakuitikia, akaendelea kumenya. Mama mkwe hajasamehe hadi leo.

Ndani ni habari nyingine. Daktari ni mama wa makamo. Kabla ya jeli aliniuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mimba ya ngapi, na mtoto aliyetangulia anaendeleaje. Nilipomweleza aliweka kalamu chini.

"Foliki ulianza lini?"

Foliki ni vidonge vya vitamini vinavyopunguza hatari ya mgongo wazi. Nilianza miezi mitatu kabla ya kushika mimba, miligramu 5 kwa siku, ndivyo nilivyoandikiwa kwa sababu ya yule wa kwanza. Mwanamke asiye na historia kama yangu hutumia miligramu 0.4. Akaniuliza wiki ngapi, nikasema 20. "Umekuja wakati wake. Kati ya 18 na 22 viungo vinaonekana, na muda wa kupanga bado upo."

Ukutani kuna skrini ya mgonjwa, kwa hiyo unaona anachokiona. Mimi nikadhani ataenda moja kwa moja mgongoni. Akaanza na kichwa. Nikamwambia, dokta, shida yetu ni mgongo. Akasema mgongo ukiwa wazi, kichwa ndicho husema kwanza: maji ya uti yanavuja chini, ubongo unavutwa kufuata. Mifupa ya paji inabonyea pande mbili, fuvu linakuwa na umbo la limau. Ubongo mdogo wa kisogoni nao unajikunja kama ndizi. Madaktari wa Uingereza waliziandika dalili hizo mwaka 1986, na majina ni hayo hayo, limau na ndizi. Mama mkwe akaguna, "Yaani Wazungu nao wanaenda sokoni?"

Wa kwangu fuvu lilikuwa yai. Ubongo wa nyuma ulikuwa kama karanga mbili ndani ya ganda moja. Vyumba vya maji kichwani akavipima, vikawa chini ya milimita 10, ndiyo mpaka wao. Halafu ndipo akashuka mgongoni, pingili kwa pingili, kwa urefu na kwa kukata mapana, na ngozi juu yake. Ule mstari wa pingili nimeuona kama uti wa sato ukishatoa mnofu upande mmoja. Hapo nililia, akanyamaza hadi nilipomaliza, akanipa karatasi za kufutia jeli nifutie macho.

Umeme ukakatika. Jenereta ilichukua kama dakika kumi, jeli ikapoa, nikalala gizani tumbo wazi. Nalo naliandika.

Uliporudi akapita haraka kidogo: mdomo wa juu haujapasuka, tumbo la chakula lipo kushoto kama kiputo cheusi (likikosekana kila ukitazama, huenda mtoto hamezi), figo mbili, kibofu, mfupa wa paja, vidole. Mahali kitovu kinapoingilia alikaa, akatafuta kama utumbo uko nje. Akasema kabla ya wiki 12 utumbo kutokeza kidogo ni kawaida, na kuna akina mama wanatishwa bure kwa kupima mapema mno kwa asiyejua hilo. Kamba ya kitovu ina mishipa mitatu. Kondo la nyuma halijaziba njia. Maji yanatosha.

Moyo ukagoma. Mtoto alilala amegeuza mgongo juu, mbavu zinatupa kivuli. Akanituma nikatembee, ninywe soda baridi, nirudi. Nikashuka zile ngazi, nikapanda zile ngazi. Mtoto yuleyule, mlalo uleule.

Hapa ndipo alipopata nyota zake. Kwenye ripoti ya kurasa mbili, kila kiungo kina mstari wake, na kwenye moyo hakuandika "kawaida". Aliandika: "Haujaonekana vizuri kwa sababu ya mlalo wa mtoto. Arudi baada ya wiki moja." Kurudi hakuna malipo. Pia alinieleza, bila kuuliza, yale ambayo mashine haiwezi kuniahidi: paa la kinywa ni gumu kuliona, matundu mengine madogo ya moyo hupita, na utrasaundi peke yake haithibitishi ugonjwa wa Down. Mume wangu alipoona ripoti akafoka, elfu hamsini na moyo bado hawajaona? Nikamwuliza, wewe ukiuziwa gunia na mtu aliyekwambia la chini limelowa, na mwingine akanyamaza, kesho unarudi kwa nani? Akasema dagaa ni dagaa. Haya.

Wiki ya 21 nikarudi. Mtoto amegeuka. Vyumba vinne vya moyo, vinafunga na kufungua, mishipa miwili mikubwa inatoka inapishana kama mkasi. Dakika saba, ripoti ikaongezwa mstari na sahihi. Kama angeona kasoro, alisema, angeniandikia rufaa siku ileile kwenda Bugando, na karatasi ingeeleza ameona nini, ili nisianze upya mlangoni.

Jinsia hakusema mpaka nilipouliza, na aliuliza kwanza kama mama mkwe naye asikie.

Kwa anayetaka kwenda kupima: nenda katikati ya wiki, Jumatatu inajaa. Beba kadi ya kliniki na tarehe ya hedhi yako, na kama ulishapata mtoto mwenye kasoro liseme hilo kabla hujalala kitandani, usingoje kuulizwa. Vaa sketi na blauzi, gauni utalipandisha hadi shingoni. Mkojo usiubane, kwa wiki hizo hawauhitaji.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ngazi, jenereta na yule dada. Choo kipo nyuma ya ngazi, ni kisafi, ila ufunguo anao yeye, na lazima usubiri amalize kumenya.